Siku Tatu Ndani ya Maji

Hans Rosling akitajwa, wengi hukumbuka mapovu. Kila povu lilikuwa nchi, na yote yalipanda na kuteleza kwenye skrini kubwa huku Mswidi huyo mwembamba akiyakimbiza kwa fimbo ndefu na kuyasimulia kwa kasi, kama mtangazaji wa mpira redioni. Hotuba yake ya mwaka 2006 kwenye jukwaa la TED ilimpa umaarufu ambao maprofesa wa afya ya jamii hawaujui. Mwaka uliofuata alirudi jukwaani na, alipomaliza kuzungumza, akavua shati na kumeza upanga mbele ya watu.

Tasnifu iliyompa shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Uppsala mwaka 1986 haikuwa na mbwembwe hizo. Ilihusu muhogo, sianidi na miguu ya wanawake na watoto wa kaskazini mwa Msumbiji. Kwa miaka karibu ishirini, yeye na wanafunzi wake waliufuata ugonjwa mmoja katika vijiji vya Msumbiji, Tanzania na Kongo, na swali walilolirudia zaidi lilikuwa la jikoni: muhogo huu mliuandaa vipi, na kwa siku ngapi?

Alifika Nacala, mji wa bandari katika mkoa wa Nampula, mwaka 1979. Msumbiji ilikuwa na miaka minne tu ya uhuru, madaktari wa Kireno walikuwa wamekwisha kuondoka, na eneo lenye watu zaidi ya 300,000 likawa chini ya daktari mmoja aliyekuwa bado kijana. Agosti 1981 zikafika habari kutoka Memba, upande wa kaskazini. Watu walikuwa wanapooza, wengi wao wanawake na watoto. Mtu alilala mzima akaamka hawezi kusimama. Mwingine alikuwa anatoka shamba, miguu ikamkatalia njiani.

Dhana ya kwanza ilikuwa polio. Lakini mguu uliopigwa na polio hulegea na kusinyaa, na miguu hii ilikuwa imekaza. Mgonjwa akigongwa kwa kinyundo chini ya goti, mguu uliruka kupita kiasi. Akishikwa mabega asimame, visigino havikufika chini, mapaja yalivutana kwa ndani na magoti yakakwaruzana. Na ilikuwa miguu yote miwili, kwa kipimo kilekile. Kwa daktari wa mishipa ya fahamu, dalili hizo zinaelekeza juu, kwenye nyuzi zinazoshusha amri kutoka kwenye ubongo; mguu wenyewe hauna kosa. Ni virusi gani vinavyoweza kuwafanya hivyo mamia ya watu wa mashambani, tena maskini tu, ndani ya miezi michache?

Kabla jibu halijapatikana, meya wa Nacala alitaka kujua kama afunge barabara ili ugonjwa usiingie mjini. Rosling alimjibu kwamba ni lazima kitu kifanyike. Askari wakaweka kizuizi na basi likazuiwa. Akina mama waliokuwa na safari ya sokoni, pamoja na watoto wao, wakawaomba wavuvi wawapitishe baharini. Chombo kikapinduka, wakazama. Rosling aliliandika tukio hilo katika Factfulness, kitabu kilichotoka mwaka 2018, mwaka mmoja baada ya kifo chake, katika sura inayozungumzia hatari ya kutenda kabla ya kujua. Wanaomsifu hulipita upesi. Ni makosa, kwa sababu ugonjwa ambao barabara ilifungwa kuuzuia haukuwa wa kuambukiza hata kidogo. Wale waliozama hawakuwa na cha kumwambukiza mtu yeyote.

Sababu ilipatikana kwa kwenda nyumba kwa nyumba, kazi iliyofanywa na timu ya wizara ya afya ya Msumbiji ambamo Rosling alishirikiana na Julie Cliff, daktari wa Kiaustralia. Wagonjwa waliopatikana walizidi 1,000. Mwaka ule mvua ilikuwa imegoma. Vyakula vingine vilikuwa vimekauka, na kilichobaki ardhini ni muhogo mchungu, chakula cha asubuhi na cha jioni. Damu ya wagonjwa ilipopimwa ilikutwa na thiosianeti nyingi. Kipimo hicho hospitali za Ulaya zilikifahamu kwa sababu nyingine kabisa: ndicho kinachomfichua mvuta sigara. Kinaonyesha kwamba mwili umekuwa ukipambana na sianidi.

Wenyeji, Wamakua, waliuita ugonjwa mantakassa. Kumbe ulikuwa umekwisha kuandikwa. Mwaka 1938 daktari Mwitalia, Giovanni Trolli, aliueleza kutoka Kwango katika Kongo ya Wabelgiji, kwa jina walilolitumia Wayaka: konzo. Karatasi zake zilikaa kabatini zaidi ya miaka arobaini, na jina la Wayaka ndilo lililobaki vitabuni.

Inafaa kusimama kidogo kwenye kemia, maana hapo ndipo penye utamu wa kazi hii. Mzizi wa muhogo hauna sianidi iliyo huru. Una linamarini, kiini ambacho chenyewe kimetulia, na pembeni yake, katika sehemu nyingine ya chembe hai, una kimeng'enya kinachoweza kukivunja. Viwili hivi havikutani mpaka mzizi utwangwe, ukunwe, uchachuke au utafunwe na mnyama. Vikikutana, sianidi hutoka, na nyingi hupotea hewani kama mvuke. Kwa hiyo kinachodhuru ni linamarini iliyobaki bila kuvunjwa. Kulowesha kwa siku tatu kunalainisha mzizi, chembe zake zinapasuka na sumu inakwenda zake. Kukata vipande na kuvianika juani moja kwa moja, tunavyofanya makopa, kunaondoa kidogo zaidi, kwa sababu mzizi unakauka kabla kimeng'enya hakijamaliza kazi. Kwa muhogo mtamu hilo halina neno. Kwa muhogo mchungu wa mwaka wa ukame, wakati mmea wenyewe huongeza sumu, ni habari nyingine.

Kisha kuna upande wa pili, wa mwili. Ini lina kimeng'enya kiitwacho rodanesi, ambacho hubandika salfa kwenye sianidi na kuigeuza thiosianeti, kitu kisicho na makali, ambacho figo hukitoa kwa mkojo. Salfa hiyo hutoka kwenye protini: samaki, nyama, mayai, kunde. Mtu anayekula ugali wa muhogo kwa dagaa anaisafisha sumu bila habari. Anayeula na kisamvu kitupu wiki baada ya wiki anaishiwa salfa. Muhogo una protini kidogo mno, kwa hiyo chakula kinacholeta sumu ndicho hichohicho kinachomnyima mlaji dawa yake. Konzo huja pale mambo hayo mawili yanapokutana: sianidi nyingi na salfa kidogo. Linalowachosha wataalamu hadi leo ni kwa nini sumu inayoweza kushambulia kila chembe ya mwili inachagua nyuzi hizo chache za ubongo, inaziharibu ndani ya siku moja au chache, kisha inaacha. Ugonjwa hauzidi, lakini haurudi nyuma pia. Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, mgonjwa wa daraja la kwanza anatembea bila fimbo, wa pili kwa fimbo moja au mbili, wa tatu hatembei kabisa.

Thiosianeti nayo ina vituko vyake. Inashindana na madini joto kuingia kwenye tezi ya shingo. Mahali penye madini joto ya kutosha hilo halionekani. Idjwi, kisiwa cha Ziwa Kivu, hayakuwapo ya kutosha, na François Delange na Wabelgiji wenzake walikuta huko, katika miaka ya 1960 na 1970, rovu kwa wingi, na muhogo ukiwa miongoni mwa washtakiwa. Mshtakiwa huyohuyo alipelekwa tena barazani kwa kosa la kisukari. Baadhi ya wataalamu walidhani kwamba sianidi ya muhogo huharibu kongosho, na kwamba ndiyo chanzo cha kisukari cha watu waliokondeana katika nchi za joto. Safari hii jibu lilitoka Tanzania. A. B. M. Swai na Donald McLarty wa Dar es Salaam, pamoja na Nicholas Mlingi, Rosling na wengine, walikwenda kupima watu wa jamii iliyojulikana kwa kula muhogo wenye sianidi nyingi. Kisukari hakikuwa kingi huko. Makala yao ya mwaka 1992 ilitamka hivyo kwenye kichwa chake, bila kupindisha maneno: kisukari hakisababishwi na sumu ya muhogo. Utafiti unaofunga mlango hauna umaarufu wa ule unaoufungua, lakini umewaokoa wengine na kupoteza miaka wakibisha hodi mahali pasipo na mtu.

Mlingi, wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, anastahili nafasi yake mwenyewe. Mwaka 1985, ukame ulipoubana mkoa wa Mara, konzo ilizuka Tarime. William Howlett, daktari wa mishipa ya fahamu aliyefanya kazi katika hospitali ya KCMC, Glen Brubaker wa hospitali ya Shirati, Mlingi na Rosling waliichunguza na kuichapisha mwaka 1990. Baadaye Mlingi alikwenda kusini, Masasi, ambako mwaka 1988 watu walikuwa wakitapika na kuanguka baada ya kula ugali. Huko alikuta njia ya mkato iliyoitwa chinyanya. Muhogo mbichi ulimenywa, ukatwangwa, ukaanikwa, ukatwangwa tena, ukaanikwa tena, mpaka unga ukapatikana siku hiyohiyo. Watu wa Masasi waliijua vizuri njia ndefu. Walichokosa ni akiba ya kuwavusha siku za kusubiri. Mwenye njaa ya leo haloweshi muhogo wa keshokutwa.

Kongo ilileta sababu nyingine ya kuharakisha, na hiyo ndiyo inayotia mtu mawazo zaidi. Katika eneo la Bandundu, Banea-Mayambu, Mkongo, na Thorkild Tylleskär, mmoja wa wanafunzi wa Rosling, waliwakuta akina mama waliozoea kulowesha mihogo usiku mara tatu wakiitoa majini baada ya usiku mmoja au miwili. Hakukuwa na ukame. Kulikuwa na barabara ya lami ya kwenda Kinshasa. Malori yalikuja kununua muhogo, mfanyabiashara hasubiri, na fedha ilihitajika. Muhogo ukawa wa kuuza, na uliobaki nyumbani uliliwa kwa haraka ileile. Mlaji wa Kinshasa, mwenye samaki na maharage kwenye sahani, hakudhurika. Aliyedhurika ni mwenye shamba. Msumbiji nako, Cliff alionyesha jinsi vita vilivyofanya kazi ya ukame: watu waliokimbizwa makwao, wasiofika mashambani ila kwa kuiba nafasi, hawakuwa na siku tatu za kukaa karibu na kijito. Mwaka 1992 na 1993 konzo ilirudi Nampula.

Tunapotaja afya na mazingira fikra hukimbilia moshi wa viwanda na zebaki ya wachimba dhahabu. Konzo haimo kwenye picha hiyo. Sumu yake haikumwagwa na mtu. Mmea umejitengenezea kinga dhidi ya walaji, na wakulima wanaupenda kwa sababu hiyohiyo. Nguruwe pori hawaugusi, nyani huuacha, na mwizi naye hujifikiria mara mbili kabla ya kung'oa mzizi usiolika mbichi. Serikali za kikoloni, na baadhi ya zilizofuata, ziliwalazimisha watu kupanda muhogo kama zao la njaa. Ushauri huo haukuwa mbaya, maana muhogo umeokoa watu wengi. Ila maofisa waliohesabu mashina ya mihogo shambani hawakuwahi kuhesabu siku za kuulowesha, kwa kuwa hilo lilikuwa jambo la wanawake.

Ndiyo maana kazi ya Rosling ilitegemea watu ambao majina yao hayamo kwenye majarida. Mwaka 1989, katika kijiji cha Makanga huko Bandundu, alikuwa ameandaa vifaa vya kutoa damu na kukusanya mkojo na unga. Watu wakajaa, na hasira zikawapanda. Walisikia kwamba damu yao inakwenda kuuzwa. Rosling alijaribu kueleza kwa mkalimani, na kadiri alivyoeleza ndivyo sauti zilivyopanda. Wanaume wawili walikuwa na mapanga. Mkalimani alimshauri wakimbie. Yeye alidhani kukimbia ni hatari zaidi, akasimama.

Mwanamke mmoja wa makamo, miguu mitupu, akatoka kwenye umati na kuwageukia wenzake. Aliwakumbusha watoto waliozikwa zamani kwa surua, na jinsi vifo vile vilivyokoma chanjo ilipokuja. Akawauliza kama wanadhani chanjo huota juu ya miti. Watu fulani, alisema, walikwenda wakachunguza mpaka wakaijua, na huyu daktari anataka kuchunguza konzo kwa namna ileile. Kisha akamgeukia Rosling, akamnyooshea mkono, akaonyesha mshipa. Wengine wakapanga foleni nyuma yake.

Rosling alikisimulia kisa hicho mara nyingi na alikiri kwamba mama yule aliieleza sayansi vizuri kuliko yeye. Jina lake hatulipati. Inaweza kusemwa kwamba hapo ndipo Mswidi huyo alipojifunza kuzungumza na umati: kuanza na kile ambacho wasikilizaji wamekwisha kukiona kwa macho yao, ndipo uingize namba. Fimbo na mapovu vilikuja miaka mingi baadaye.

Mchango wa dawa, kama inafaa kuita hivyo, haukutoka kwa daktari. Howard Bradbury, mkemia wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia mjini Canberra, alitengeneza kwanza kipimo cha karatasi chenye bei nafuu ambacho hubadilika rangi kulingana na sianidi iliyomo kwenye unga, ili mtafiti asilazimike kusafirisha vifuko kwenda maabara za mbali. Kisha akaja na jambo ambalo likisikika mara ya kwanza linaonekana dogo mno. Unga uliokwisha kusagwa unachanganywa na maji mpaka uwe tope, unatandazwa kwenye ungo au mkeka, tabaka lisizidi sentimeta moja, unaachwa saa mbili juani au saa tano kivulini. Kimeng'enya kilichokuwa kimelala kwenye unga mkavu kinaamka, kinavunja linamarini iliyobaki, na sianidi inaondoka na upepo. Jioni ugali unapikwa kama kawaida. Mwaka 2010 Banea-Mayambu na wenzake walianza kuwafundisha akina mama wa Kay Kalenge, kijiji cha wilaya ya Popokabaka, katika Kwango ileile ya Trolli. Sianidi ya unga ilishuka, thiosianeti ya mikojo ya watoto ikashuka, na katika muda wa mradi hakupatikana mgonjwa mpya.

Ni kweli kwamba akina mama wa pale waliiona njia hiyo ni nyepesi, na ni kweli pia kwamba haihitaji kununua kitu. Lakini mtu mwenye jicho kali atauliza kwa nini mzigo umerudi tena kwa mwanamke yuleyule na ungo wake, wakati barabara, ukame na vita ndivyo vilivyomfupishia siku. Kiwango cha kimataifa kinataka unga wa muhogo usizidi miligramu 10 za sianidi kwa kilo. Kiwango hicho kinamlinda anayenunua unga uliofungwa dukani. Anayesaga wa kwake hana mkaguzi.

Tanzania yenyewe ilipata somo hilo mara ya pili. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati chanzo cha konzo kilikuwa kimefahamika kwa miaka ishirini na Mlingi, Mtanzania mwenyewe, akiwa amekiandikia tasnifu Uppsala mwaka 1995, ugonjwa ulizuka kusini mwa nchi, mkoa wa Mtwara ukiwamo. Mlingi alikwenda tena. Upande wa pili wa mto Ruvuma ndiko ulikoanzia utafiti wa Nampula, na Wamakua wako kingo zote mbili za mto.

Siku hizi swali limebadilika. Désiré Tshala-Katumbay, mzaliwa wa Kongo na daktari wa mishipa ya fahamu anayegawa kazi yake kati ya Kinshasa na Portland, Marekani, amechunguza watoto wa Kahemba pamoja na mwanasaikolojia Michael Boivin. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yaligusa kundi ambalo halikuwa kwenye orodha ya Rosling. Watoto wenye konzo walifanya vibaya kwenye vipimo vya kumbukumbu na kufikiri, hilo lilitazamiwa. Lakini hata wenzao wa kaya hizohizo, wanaotembea vizuri na kucheza mpira, walikuwa nyuma ya watoto wa kijiji kisichokuwa na ugonjwa. Vipimo vya daraja la kwanza, la pili na la tatu huanza na mguu uliokakamaa. Kwa watoto hawa hakuna daraja lililoandikwa bado, na timu ya Tshala-Katumbay inaendelea kuwapima.